Kubadili Kazi Ukubwani kwa Njia ya Uanagenzi: Mwongozo Kamili

Watu wazima wengi wanaoacha kazi waliyoizoea ili wajifunze ufundi hawashindwi na ufundi wenyewe. Wanashindwa kwa sababu fedha zimeisha kabla ya mafunzo kuisha, au kwa sababu wamegeuzwa saidia fundi wa kudumu na mtu ambaye hawakuwahi kukubaliana naye kwa maandishi watafundishwa nini. Makosa yote mawili hutendeka kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku zinazotangulia hiyo.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Namba 208 kuhusu uanagenzi bora, na ndani yake uanagenzi ni mafunzo yanayoongozwa na makubaliano, yanayochanganya kujifunza kazini na kujifunza nje ya kazi, yenye malipo, na yanayomfikisha mwanagenzi kwenye sifa inayotambuliwa. Kufagia karakana kwa ahadi ya "utajua tu ukikaa" hakuingii humo, hata kama mwenye karakana anakuita mwanafunzi wake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kusanya vitu vifuatavyo kabla hujamwendea fundi yeyote:

- Vyeti vyako asili, na nakala zilizothibitishwa. Nakala ndizo za kuzunguka nazo. Vyeti asili vibaki nyumbani.
- Orodha ya matumizi halisi ya nyumba yako kwa miezi 3 iliyopita, iliyoandikwa na si ya kukumbuka kichwani.
- Madaftari mawili: dogo la mfukoni lenye jalada gumu, na kubwa la kubaki nyumbani.
- Viatu vigumu vyenye chuma kwenye ncha, miwani ya kukinga macho, na kinga ya masikio ikiwa ufundi unaoutaka una mashine zenye kelele. Glavu ni za kubebea mizigo na vitu vyenye makali. Hazivaliwi mbele ya mashine inayozunguka, kwa maana mashine ikishika glavu huvuta na mkono.
- Tepu ya kupimia, penseli, bisibisi na koleo. Usinunue zaidi ya hapo. Anayefika siku ya kwanza na sanduku la zana mpya huwa ametumia akiba ya miezi miwili kununua vitu ambavyo fundi wake atamwambia si vya kazi hiyo.
- Kauli ya wazi ya yule unayeishi naye na mnayetegemeana. Kipato kitashuka, na utarudi nyumbani umechoka kwa namna ambayo kazi ya kukaa haichoshi. Mwenza asiyeulizwa mwanzoni huuliza maswali katikati, wakati majibu yameshakuwa ghali.

## Hatua ya 1: Chunguza kinachokutoa kazini

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, chukua karatasi uandike mambo kumi yanayokuchosha katika kazi uliyo nayo. Kisha lipitie moja moja ukijiuliza kama lingeondoka iwapo ungehamia mahali pengine penye kazi ileile. Ikiwa saba kati ya hayo kumi yangeondoka, kinachokuchosha ni mahali, na kuhama kutakugharimu kidogo kuliko miaka miwili au mitatu ya kuanza upya. Ikiwa mengi yangekufuata huko uendako, endelea na hatua ya pili.

Utajua umemaliza hatua hii pale utakapoweza kumweleza mtu, kwa sentensi moja, unataka mikono yako ishinde ikifanya nini, bila kumtaja bosi wako wa sasa.

## Hatua ya 2: Ushike ufundi kabla ya kuuchagua

Kazi ikiwa imekamilika haifanani na kazi ikiwa inafanywa. Mtu hupenda meza iliyopigwa msasa ikang'aa, lakini hajui kwamba muda wa kuiunganisha meza hiyo ni mdogo mno ukilinganisha na muda wa kupima, kukata, kupiga randa, kusubiri gundi ikauke na kupiga msasa tena. Anayependa ufundi bomba hajawahi kulala chali chini ya sinki, tochi ameiuma kwa meno, maji yakimdondokea sikioni huku anatafuta nati iliyoliwa na kutu. Anayeyapenda hayo pia, huyo ndiye amechagua.

Omba ruhusa ya kushinda na fundi siku tano mfululizo bila malipo, ukifika kabla karakana haijafunguliwa na kuondoka baada ya kufungwa. Saa ya kwanza itakuonyesha kama zana zina mahali pake au hutafutwa kila asubuhi. Saa ya mwisho itakuonyesha fundi anavyozungumza na mteja aliyekuja kulalamika, na somo hilo halimo katika mtaala wowote.

Siku hizo hizo uchunguze mwili wako. Magoti yanavumilia sakafu? Kifua kinavumilia vumbi la mbao au moshi wa kuchomelea? Unaweza kusimama kwenye ngazi ndefu ukatumia mikono yote miwili? Anayetaka umeme apimwe kwanza upofu wa rangi, kwa kuwa waya hutambuliwa kwa rangi zake, na hali hiyo, ambayo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, mtu anaweza kuishi nayo miaka arobaini bila kuijua.

Ulizia pia urefu wa mafunzo. Ujerumani, mafunzo ya kazi nyingi huchukua kati ya miaka 2 na miaka 3 na nusu. Uswisi ni miaka 2 hadi 4. Marekani, programu ya uanagenzi iliyosajiliwa inayohesabiwa kwa muda lazima iwe na angalau saa 2,000 za kujifunza kazini, yaani takriban mwaka mmoja wa kazi ya muda wote, na fundi umeme kwa kawaida huhitaji saa 8,000. Atakayekuambia kwamba utakuwa fundi umeme kamili kwa miezi mitatu anakuuzia kitu, na hicho anachokuuzia si ufundi.

Baada ya siku tano, andika kazi tatu mbaya kuliko zote ulizoziona zikifanywa. Ikiwa bado unataka kuzifanya kila wiki kwa miaka kumi ijayo, ufundi umeupata.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya fedha hadi mwisho wa mafunzo

Hapa ndipo wengi huanguka, nami nitakaa hapa kidogo.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kama akiba "inatosha kuanzia". Akiba ya kuanzia humfikisha mtu mwezi wa nane au wa tisa, wakati ambapo amejifunza vya kutosha kuwa na manufaa kwa fundi wake, lakini havijatosha kujitegemea. Ndipo hulazimika kurudi kwenye kazi ya zamani, na kwa macho ya watu ameshindwa ufundi.

Hesabu sahihi huanzia mwishoni. Chukulia kwamba umeyagawa matumizi ya nyumba yako ya mwezi katika mafungu 10 yaliyo sawa. Posho ya uanagenzi ni mafungu 4, kwa hiyo kila mwezi kuna pengo la mafungu 6. Mafunzo ni miezi 24, na pengo lote ni mafungu 144. Ongeza miezi 3 baada ya mafunzo, ya kutafuta kazi au wateja, ambayo haina posho: mafungu 30. Jumla ni mafungu 174, sawa na matumizi yako yote ya miezi 17 na zaidi.

Watu wengi wakiiona namba hiyo hufunga daftari. Usilifunge. Fanya mambo mawili kwa utaratibu huu.

Kwanza, shusha matumizi kutoka mafungu 10 hadi 8, na uishi hivyo kwa miezi mitatu ukiwa bado na mshahara, ili ujue kama inawezekana au uliandika tu. Sasa pengo ni mafungu 4 kwa mwezi: 96 kwa miezi 24, na 24 kwa ile mitatu ya mwisho. Jumla imeshuka hadi 120.

Pili, tafuta kazi ndogo ya jioni au ya mwisho wa wiki inayotokana na ujuzi wako wa zamani, yenye kuingiza mafungu 2 tu. Pengo linabaki mafungu 2 kwa miezi 24, yaani 48, na mafungu 6 kwa miezi 3, yaani 18. Jumla ni 66. Safari iliyohitaji akiba ya miezi 17 sasa inahitaji akiba ya chini ya miezi 7 kwa matumizi yako ya zamani, na hiyo mtu mwenye mshahara anaweza kuikusanya akiwa na subira.

Tahadhari ni mbili. Kazi ya jioni isizidi kiasi cha kukunyima usingizi, kwa sababu mtu mwenye usingizi mbele ya msumeno wa mashine ni hatari kwake na kwa wenzake. Na usikope ili kujaza pengo la kila mwezi, kwa kuwa marejesho huongeza matumizi, matumizi yakaongeza pengo, na mkopo wa pili ukafuata. Ikibidi kukopa, iwe ni kwa zana mwishoni, zana ambazo zitaingiza fedha.

Hatua hii imekamilika pale akiba inapofikia jumla uliyoipata. Si nusu yake.

## Hatua ya 4: Mtafute fundi, si nafasi

Tangazo la nafasi hukuambia kwamba mtu anahitaji mikono. Halikuambii kama anajua kufundisha. Mafundi hodari wasioweza kueleza wanachokifanya ni wengi, kwa sababu mkono umeshazoea na kichwa kimesahau.

Usimuulize fundi kama anafundisha vizuri, kwa kuwa kila mmoja atasema ndiyo. Muulize wanagenzi wake watatu wa mwisho wako wapi sasa. Akikutajia mmoja mwenye karakana yake, wa pili aliyeajiriwa kwingine na wa tatu aliyeacha katikati, umepata mtu mkweli anayefundisha. Akikuonyesha watatu hao hao wakiwa bado wanambebea mbao baada ya miaka minne, shukuru uende zako. Kisha watafute hao waliotoka uwaulize ni mwezi wa ngapi walipewa kazi ya kufanya peke yao mwanzo hadi mwisho.

Mimi sikuuliza. Katika karakana yangu ya kwanza nilikaa miezi saba. Mwishoni niliweza kujua kwa mlio tu ni lori lipi limeleta mbao, na nilijua kila mteja anakunywa chai ya namna gani, lakini nilikuwa sijawahi kunoa patasi.

Umri usikurudishe nyuma kabla ya kuuliza sheria. England, kwa mfano, uanagenzi hauna kikomo cha juu cha umri, na hata mwenye shahada anaweza kuingia mradi anachojifunza ni kipya kwake. Mahali pengine kikomo kipo kwenye ufadhili tu, wala si kwenye mafunzo, na watu huchanganya mambo hayo mawili.

Barua ya maombi iwe fupi. Acha "tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu". Fundi anajua kusoma kichwa. Kilicho muhimu ni kumwonyesha kwamba unajua unachokiingia na kwamba hutamwacha njiani. Kwa mfano:

*Ndugu Fundi,*

*Nina umri wa miaka 37, na kwa miaka 12 nimekuwa karani wa ghala. Kazi hiyo imenifundisha kupokea mizigo, kutunza hesabu za mali na kuzungumza na wateja. Sasa naomba kujifunza useremala kuanzia mwanzo. Nilishinda karakanani kwako siku tano, na nilichokiona kinanitosha kujua kwamba ndiyo kazi ninayoitaka, pamoja na vumbi lake.*

*Naomba nafasi ya uanagenzi ya miaka miwili kwa mkataba wa maandishi. Nimejiandaa kifedha kwa kipindi chote hicho. Nitashukuru ukinipa nafasi ya kuja kuzungumza nawe siku utakayopanga.*

Sentensi inayohusu fedha ndiyo yenye uzito. Hofu kubwa ya fundi anapopokea mtu mzima ni kwamba atamfundisha mwaka mzima, kisha mtu huyo ataondoka siku atakapopata fedha kwingine.

## Hatua ya 5: Andikianeni mkataba

Mkataba hauonyeshi kwamba hamwaminiani. Unaandikwa kwa sababu baada ya miezi kumi kila mmoja atakuwa anakumbuka mazungumzo ya siku ya kwanza kwa namna inayompendeza.

Uwe na mambo haya, kwa maneno ya kawaida ambayo nyote wawili mnayaelewa:

- Tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na muda wa majaribio. Sheria ya Ujerumani huweka muda wa majaribio kati ya mwezi 1 na miezi 4, na hicho ni kipimo kizuri popote. Chini ya mwezi hamjajuana. Zaidi ya minne, mmoja wenu anatumiwa.
- Orodha ya stadi zitakazofundishwa, na robo ya mwaka ambayo kila stadi itaanza. Hiki ndicho kifungu kinachomtofautisha mwanagenzi na saidia fundi.
- Posho, na jinsi itakavyopanda. Programu zilizosajiliwa Marekani hutakiwa kuwa na ngazi za malipo zinazopanda kadiri ujuzi unavyoongezeka, na wewe pia omba ngazi hizo, hata zikiwa ndogo.
- Saa za kazi, siku za mapumziko, na saa za kujifunza nje ya kazi. Marekani hupendekeza angalau saa 144 kwa mwaka za masomo yanayohusiana na kazi, ambazo ukizigawa kwa wiki ni chini ya saa tatu. Fundi anayekunyima saa tatu kwa wiki hataki usome.
- Nani atalipia matibabu ukiumia kazini, na bima ni ipi.
- Mtihani au cheti mnachokielekea, na nani atalipia ada yake.
- Njia ya kuvunja mkataba kwa pande zote mbili, na notisi ya siku ngapi.

Ongeza sentensi moja ambayo binafsi naiona kuwa ya thamani kuliko nyingi: kwamba mwanagenzi atapewa kazi zinazotumikia lengo la mafunzo. Sheria ya mafunzo ya kazi ya Ujerumani ina sharti la namna hiyo. Haimaanishi kwamba hutafagia. Kila mtu anafagia karakana, na fundi mzuri hufagia pia. Inamaanisha kwamba kufagia hakuwezi kuwa ndiyo mafunzo.

Kuna mambo matatu ya kukataa. Usiache vyeti vyako asili mikononi mwa mwajiri, hata akisema ni utaratibu wa ofisi. Usitie saini kifungu kinachokutaka ulipe "gharama za mafunzo" ukiondoka, kama hakitaji kiasi na namna kinavyopungua kadiri unavyokaa. Na usilipe ada ya kuingia pasipo stakabadhi.

Fundi mwingine atasema hana desturi ya kuandikiana. Mwandikie wewe ukurasa mmoja, msomee, kisha nyote wawili mtie saini mbele ya shahidi mnayemheshimu. Akikataa hata huo ukurasa mmoja, umejua mapema.

## Hatua ya 6: Pita salama siku tisini za kwanza

Anayekufundisha huenda ni mdogo kwako kwa miaka kumi na tano. Mwite Fundi. Usimwite kijana wala mdogo wangu, hata kwa upendo, na hasa mbele ya wateja. Ugumu uko upande wake pia: mtu mwenye adabu huona haya kumkemea aliye na umri wa mjomba wake, na kosa asilokuambia leo utalirudia mwaka mzima. Kwa hiyo mfungulie mlango wewe. Siku ya kwanza mwambie, "Fundi, nikikosea niambie hapo hapo, kama unavyowaambia hawa wengine," na akikuambia, pokea bila kueleza sababu.

Acha cheo chako cha zamani getini. Aliyekuwa msimamizi wa watu ishirini hujikuta, bila kukusudia, anampangia fundi namna bora ya kuendesha karakana. Pengine ana haki. Aiandike kwenye daftari la nyumbani na airudie baada ya mwaka mmoja, atakapokuwa amejua kwa nini mambo yamepangwa yalivyopangwa.

Kisha kuna jambo la mikono. Mtu mzima anaelewa haraka kuliko kijana, na kuelewa huko humdanganya. Nilipoambiwa nikate vipande vinne vya milimita 600 kwa ajili ya fremu, nilipima vizuri, nikachora mstari kwa penseli kali, nikakata juu ya mstari. Fundi akaviweka mahali pake vikacheza. Hakusema kitu, alichukua ubao mwingine, akachora mstari, akauweka chini ya msumeno wa mashine na kunionyesha kwa kidole. Ule msumeno una unene, na meno yake hula karibu milimita 3 za ubao. Ukikata katikati ya mstari, nusu ya upotevu huo hutoka kwenye kipande unachokihitaji. Unakata upande wa kipande kinachotupwa, mstari wenyewe ukibaki kwenye kipande chako. Nilikuwa nimesoma jambo hilo. Mkono ulikuwa haujalisoma.

Kwa hiyo omba kurudia. Kipande kimoja kilichofaulu hakikutoshi. Kinachohesabika ni kumi mfululizo. Katika umeme, mashine na kazi za juu, usikubali kufanya peke yako jambo ambalo hujaonyeshwa, na usiguse waya kabla hujazima umeme, ukafunga swichi kuu isiwashwe na mtu mwingine, na ukapima kwa kifaa unachojua kinafanya kazi. Kuona aibu kuuliza kwa sababu ya umri ndiko kunakoumiza watu wazima kuliko vijana.

Dalili kwamba siku tisini zimekwenda vizuri ni ndogo: fundi anaanza kukutuma jambo bila kulieleza lote.

## Hatua ya 7: Andika kila siku

Ujerumani, mwanagenzi hutakiwa kutunza kumbukumbu za mafunzo, na kumbukumbu hizo ni sharti la kuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Wewe zitunze hata kama hakuna anayekudai.

Daftari dogo ni la mfukoni: vipimo, michoro, majina ya vifaa. Usiku hamishia kwenye daftari kubwa mistari minne tu: nilichofanya, nilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza, nilichokosea, na saa nilizotumia. Mfano: "Bawaba za milango 2. Mara ya kwanza kuchimba nafasi ya bawaba kwa patasi. Nimechimba ndani mno, fundi kajazia kipande chembamba cha mbao. Saa 3, fundi hutumia dakika 40."

Kila mwisho wa mwezi mpe fundi asome na atie saini. Wengi hutia saini bila kusoma mwezi wa kwanza, kisha huanza kusoma.

## Hatua ya 8: Ukikwama, tumia daftari kuzungumza

Fungua daftari uhesabu siku za mwezi ambazo ule mstari wa "nilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza" uko mtupu. Siku kadhaa ni kawaida, kwa sababu kurudia ni mafunzo. Miezi miwili mfululizo yenye zaidi ya nusu ya siku tupu ina maana unateleza kuelekea kuwa saidia fundi.

Zungumza na fundi faraghani, mwisho wa siku, mkataba ukiwa mkononi. Usilalamike, taja stadi iliyoandikwa na robo iliyopangwa, kisha omba tarehe. Mara nyingi utakuta kwamba kazi zenye kufundisha hazikuja msimu huo, au alikusahau kwa sababu hujawahi kumsumbua. Baada ya wiki tatu bila mabadiliko, andika barua. Baadaye peleka suala kwa mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi au kazi mahali ulipo.

Kuondoka mapema kunafaa katika hali mbili: unapolazimishwa kufanya kazi ya hatari bila kinga, na posho inapokosekana miezi miwili bila maelezo. Toa notisi iliyoandikwa, chukua daftari lako lenye saini, na utafute fundi mwingine. Saa zilizotiwa saini hazipotei.

## Hatua ya 9: Funga mafunzo kwa cheti na kazi ya kwanza

Ujuzi usio na karatasi huishia kwa watu wanaokufahamu. Uliza miezi sita kabla ya mwisho mtihani unafanyika lini na unahitaji nini, kwa sababu usajili mara nyingi hufungwa mapema. Kenya ina majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa madaraja, kuanzia la III kupanda hadi la I. Tanzania, VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, hata kwa mtu asiyepita chuoni. Nchi nyingine nyingi zina kitu kinachofanana na kimojawapo.

Maandalizi bora ya mtihani wa vitendo ni saa ya ukutani. Fanya kazi ya kipimo cha mtihani mara tatu ndani ya muda uliowekwa, mbele ya fundi wako, bila yeye kusema neno hadi mwisho. Anayejua kazi lakini hajawahi kukimbizana na muda hupoteza alama katika nusu saa ya mwisho, anapoanza kuharakisha vipimo.

Kazi yako ya kwanza ya kujitegemea iwe ndogo kuliko unayoiweza, na iwe mahali ambapo fundi wako anaweza kupita akaangalia. Usikadirie bei kwa kuiga ya fundi aliyefanya kazi miaka ishirini, kwa kuwa yeye humaliza kwa nusu ya muda wako. Katika kazi tano za mwanzo, andika kwenye daftari kubwa saa ulizokadiria, na mbele yake saa ulizotumia kweli. Tofauti itakuwa kubwa, pengine maradufu, na hiyo ndiyo itakayokuambia bei ya kazi ya sita.